Bwana Afya na Nyasi za Ma Koku

Jamani, leo Bwana Afya kaumbuka akiwa na soksi tu miguuni!

Nilikuwa hotelini kwa Ma Koku, pale Kibeta, nakula ndizi kwa maharage. Sakafuni Ma Koku katandika nyasi mpya, kama tunavyotandika sote majumbani.

Mara akaingia Bwana Afya, mkaguzi wa usafi wa Bodi ya Mji. Mtoto wa Muleba huyu, mwenzetu kabisa, kaptula ya kaki imepigwa pasi mpaka inang'aa. Akasimama katikati, akatoa sauti kama ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya:

"Bodi imeamua. Kila hoteli iwe na sakafu ya saruji. Nyasi ni uchafu. Usipoziondoa, nafunga."

Akifunga, sisi tutakula wapi?

Ma Koku hakubishana. Alimtazama miguuni tu.

"Mwanangu, viatu vyako viko wapi?"

Sote tukageukia mlangoni. Viatu vilikuwa pale, vimepangwa vizuri. Alivivua mwenyewe kwa mazoea, maana nyasi safi hazikanyagwi kwa viatu, kama mama yake alivyomfunza!

"Pangekuwa pachafu, ungeingia navyo," Ma Koku akasema. "Bodi ikikuta uchafu kwangu, ifunge. Lakini sakafu ya nyumba yangu nachagua mwenyewe."

Bwana Afya akafunua nyasi huku na huku. Safi kabisa. Akakaa, akaomba ndizi. (Alimaliza sahani, mimi shahidi.)

Nyie mngemwambia nini mtu kama huyo?

Alipokuwa anavaa viatu akasema, "Jumamosi utandike nyingine mpya, mama."

"Hiyo ni amri ya Bodi?"

"Hapana, waitu, mama yetu. Ni ombi. Nitakuja na mke wangu."