Jina Lililokuwa Kwenye Mita

Shangazi yangu ana shamba kijijini Mata, na ndovu wa mbugani wanayapenda mahindi yake kuliko sisi jamaa zake. Kwa ajili yake nilitengeneza app ndogo: jirani akiwaona ndovu anabonyeza, na simu za wengine zinalia kelele ya kumtoa mtu kitandani, atoke na tochi na debe la kupiga. Ilifanya kazi, nami nikatembea mjini Voi kifua mbele.

Kisha duka la mtandaoni lililoibeba app likataka kila mtengenezaji ajithibitishe. Kitambulisho nilikuwa nacho, na picha ya uso wangu ikakubaliwa. Wakataka anwani. Nikaandika sanduku la posta, kama nilivyofundishwa shule ya msingi, sanduku la kanisa ambalo nusu ya mtaa wetu hulitumia. Likakataliwa. Walitaka nyumba ninayolala, pamoja na bili yenye jina langu.

Nyumba ninayolala ni ya marehemu babu, na mita ya stima bado ina jina lake. Tukinunua tokeni za stima, ni yeye anayenunua. Kwetu, ukihamisha jina la mzee kabla wanawe wote hawajaketi pamoja, umeshaanza kugawa urithi. Wana hao wametawanyika, na hawajawahi kuketi.

Nikaenda kwa baba mkubwa, mwenye kauli ya mwisho. Nikamwomba aweke sahihi ya kuhamisha jina, nikamweleza kwamba nataka mita tu, shamba sina haja nalo, tena anayelindwa ni dadake mwenyewe. Akacheka, akasema dadake amefukuza ndovu tangu akiwa msichana na hakuna app iliyomsaidia. Akanimiminia chai.

"Jina la baba yangu halitatoka kwa nyumba yake kwa sababu ya simu," alisema.

Mkubwa habishiwi. Nilikunywa chai nikarudi nyumbani na hasira zangu. Muda niliopewa na duka ukaisha, akaunti yangu ikafungwa, app ikaondolewa dukani. Kwa waliokuwa nayo tayari, iliendelea kulia kwenye simu zao, basi nikajipa moyo.

Lakini simu ya shangazi ilitumbukia kwenye karai la nguo. Akanunua nyingine, laini ikahamishwa, naye akaamini kwamba laini ikihama, kila kitu kimehama nayo. Hakuniambia. Ilipita wiki chache tu, ndovu wakaja.

"Simu haikulia, mwanangu," aliniambia asubuhi yake. "Na nililala nayo karibu na sikio."

Nilienda Mata pamoja na baba mkubwa. Mahindi yalikuwa yameanza kukomaa. Sasa mabua yalilala chini, na nyayo za ndovu zilikuwa zimejaa maji. Sijawahi kuijutia kazi yangu kama siku ile. Kama nisingeitengeneza app hiyo, shangazi angekesha macho kama zamani. Baba mkubwa alitembea shamba lote, kisha akarudi nilipokuwa.

"Ile sahihi uliyotaka," alisema. "Nikiweka leo itasaidia?"

Nikamwambia hapana, baba, walishafunga. Akaitikia kwa kichwa, akavua koti, akaanza kumsaidia dadake kuokota mahindi yaliyobaki mazima.

Shangazi alinijia na ndoo yake iliyojaa nusu, akaniomba nimsamehe. Alisema pengine ni yeye asiyejua kutumia simu mpya.