Fungu la Mwewe

Enzi zetu pale Kilosa, mtoto alijua kuangalia juu kabla hajajua kuvuka reli. Ukitumwa buchani, nyama ulirudi nayo umeikumbatia kifuani, jicho moja njiani na jingine angani. Mwewe walikuwa wenyeji wa mji kama sisi. Walikaa juu ya paa la stoo ya mizigo pale stesheni, wamejipanga kwenye ukingo wa bati, wakisubiri treni ya abiria. Na kusema kweli walimshinda mkuu wa stesheni kwa kuijua ratiba, maana siku treni ikichelewa, wao wala hawakujisumbua kuwahi.

Jirani yetu Mama Tatu, aliyezaliwa Tanga na kuletwa Kilosa na ndoa, alikuwa akituambia kwamba kule bandarini kuna ndege weupe wanaoitwa shakwe, ambao hufuata mashua na kuwanyang'anya watu samaki mikononi. Sisi ambao maji mengi tuliyoyajua ni ya mto Mkondoa ukifurika, tulimsikiliza midomo wazi.

"Hawa mwewe wenu ndio shakwe wa bara," alikuwa akisema. "Ila shakwe ana adabu kidogo, hupiga kelele kwanza."

Shuleni tulikwenda na fagio mkono mmoja na kidumu cha maji mkono mwingine, tukakimbia mchakamchaka hadi vumbi likatupaka rangi moja sote. Mapumziko yakifika tulicheza rede, na tukichoka rede tulicheza mwewe na vifaranga. Mmoja anakuwa kuku, wengine wanashikana viunoni nyuma yake, na mwewe anahangaika kumkamata wa mwisho mkiani. Mimi nilikuwa mfupi, kwa hiyo mkia ulikuwa wangu, na gauni langu la shule lilishonwa upya kiunoni mpaka Mama akachoka. Leo binti yangu akimwona mwewe anatafuta simu ampige picha. Sisi tulikuwa tunatafuta pa kuficha andazi.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo kila kitu kilikuwa kimeanza kuwa ruksa. Foleni za sukari na sabuni tulizozikuta wadogo zilikwisha, maduka yakajaa, mitumba ikamwagwa chini sokoni na hata sisi tukavaa makoti ya baridi katikati ya joto la Kilosa kwa sababu tu yalikuwepo. Watu walifurahi, na sisi tulifurahi. Lakini ruksa hiyohiyo ilifika kwenye shamba la mkonge alikofanya kazi Baba. Shamba likapata mwenyewe mpya, na wafanyakazi wengi wakapunguzwa. Baba alikuwa mmoja wao.

Babu yangu alikuja kutoka Kigoma kukata mkonge, na Baba alizaliwa kwenye kambi ya shamba. Hakujua kazi nyingine. Alikuwa kwenye korona, ile mashine ya kuchambua katani, kisha akahamishiwa kwenye kusokota kamba, na vidole vyake vilikuwa vigumu kama kwato. Alipopunguzwa, aliweka kigoda nyuma ya nyumba, akakaa ameelekea migomba. Mjini hakwenda. Hakutaka kukutana na mtu wa kumuuliza kazi vipi. Watoto wakipita na kumwamkia shikamoo, aliitikia marahaba kwa sauti ya chini na kuishia hapo, yeye ambaye zamani asingekuacha upite bila kukuuliza habari za shule, za nyumbani na za mbuzi. Niliogopa sana siku zile. Niliogopa kwamba Baba atabaki vile, na kwamba yule mwingine hatutamwona tena.

Mama akachukua sinia, akaenda stesheni kuuza kuku wa kukaanga.

Sasa, wanawake wa stesheni walikuwa na desturi yao. Aliyechinja kuku siku hiyo alikuja na utumbo kwenye kikopo, na kabla treni haijaingia, Mama Tatu aliukusanya wote na kuurusha juu ya bati la stoo. Waliuita fungu la mwewe. Ndege walishuka, wakagombana, wakashiba, na treni ilipofika walikuwa wametulia wakisafisha midomo. Mama, akiwa mgeni wa biashara, aliona ni kutupa chakula. Kwetu utumbo ulikuwa mboga, ukikoshwa vizuri na kukaangwa na kitunguu hakuna anayeacha kitu sahanini. Kwa hiyo yeye hakutoa. Wenzake walikaa kimya, na mwewe nao walikaa kimya, hadi treni iliposimama.

Mpaka leo sijui nani aliwaambia. Waliyaruka masinia yote wakaja kwenye la Mama. Abiria mmoja alikuwa amenyoosha mkono dirishani kupokea paja, paja likaondoka likielekea milima ya Rubeho. Mama akampa jingine, nalo likaondoka. Jioni alirudi na sinia tupu, akainama kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Tulijua analia, na Baba, aliyekuwa upande wa pili wa ukuta, alijua pia.

Asubuhi yake Baba alitoa fungu la katani lililokuwa juu ya dari tangu siku aliyoondoka shambani. Akaanza kusokota. Mimi nilimshikia ncha ya kamba, nikarudi nyuma kadiri ilivyorefuka, mpaka nikafika kwenye shimo la takataka. Alikuwa anatengeneza wavu wa kufunika sinia. Hakusema mengi, lakini aliniuliza mbuzi wa kina Tatu amezaa wangapi, na nilikimbia kumwambia Mama kwamba Baba ameuliza habari za mbuzi.

Siku wavu ulipokamilika, Mama alitangulia stesheni. Nilimfuata, na nilipogeuka nikamwona Baba anakuja nyuma yetu, mbali, kofia ameivuta hadi kwenye nyusi. Alisimama chini ya mwarobaini ng'ambo ya reli kama mtu anayesubiri mgeni.

Treni ikaingia. Mwewe akashuka kwenye sinia la Mama, na kosa la Baba likaonekana hapohapo. Macho ya wavu yalikuwa mapana. Kucha ziliingia, zikanasa. Ndege akapiga mabawa, sinia likainuka, likapinduka, kuku wote wakamwagika kwenye kokoto. Abiria walitoa vichwa madirishani wakicheka hadi wengine wakashika mbavu. Mchukuzi mmoja, kijana mwenye mabega, akaokota fimbo. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa khanga, na mimi nilimtazama Baba tu. Nilijua moyoni kwamba akigeuka sasa akarudi nyumbani, hatatoka tena.

Baba akavuka reli. Alivua koti, akalitupa juu ya kichwa cha yule ndege, akakaa chini kwenye kokoto mbele ya watu wote, akatoa kisu. Akaanza kuukata wavu wake mwenyewe, uzi baada ya uzi, huku akinong'ona Kiha, lugha ambayo alikuwa akizungumza na Babu peke yake. Ndege alimparua kifundo cha mkono, damu ikatoka, naye hakuharakisha.

"Mzee, nipishe nimmalize huyo mwizi," yule mchukuzi akasema.

Baba hakuinua kichwa. "Mwache," alisema. "Na huyu yuko kazini, kama wewe."

Kicheko kilififia behewa baada ya behewa. Mchukuzi aliitazama fimbo yake, akaiweka chini. Baba akaondoa koti, na mwewe akapaa hadi juu ya stoo, akatulia pale akipanga manyoya yake kama aliyeonewa. Mama Tatu akasogea. Aliokota kipande cha wavu, akakivuta kwa nguvu zake zote, hakikukatika.

"Shemeji," alisema, "na mimi nisukie. Ila ubane, kucha zisipite."

"Nitasuka," Baba akajibu, na kofia akaisukuma nyuma, uso wazi.

Akasuka kweli. Safari hii alibana katani kama kawa ya kufunikia wali, na haikuchukua muda kila sinia pale stesheni likawa na kawa yake. Baba akapata kona yake kando ya stoo, akawa anafunga mizigo ya abiria kwa kamba zake na kuuliza kila mtu habari za mbuzi. Mama naye alianza kutoa fungu la mwewe kila siku aliyochinja, kawa ikiwepo au isiwepo. Tulinung'unika kwa kukosa utumbo. Alisema kama tunautaka sana tukaungojee juu ya bati.

Basi hayo yamepita. Treni za abiria zilipungua, mabasi yakachukua watu, nami nikaolewa Mikumi, ambako wezi wa chakula ni nyani wa barabarani. Nyani hana heshima ya mwewe. Anakukodolea macho kabisa huku anakula ndizi yako. Baba alitutoka, tukamzika Kilosa. Siku hizi kuna treni ya umeme, na mimi si mtu wa kubeza maendeleo, nimeipanda na binti yangu na nimeipenda. Ni safi, ina baridi, inafika. Ila madirisha hayafunguki. Vijana wameziba masikio na vidude vyao, kila mmoja na biskuti yake, na hakuna anayenyoosha mkono nje. Nilijikuta nimekaa nimekumbatia mkoba wangu, natazama juu.

Kiangazi kilichopita tulikwenda kumsalimia Mama. Alituchinjia kuku, kama kawaida yake, na nyama akaifunika kwa kawa ya Baba, ambayo sasa ina rangi ya chai. Kisha akatoka uani na kikopo, akaurusha utumbo juu ya bati la jiko. Binti yangu akamwambia, "Bibi, unachafua bati." Tulingoja. Zamani wangeshuka kumi kwa mkupuo, wakigombana.

Akaja mmoja, kutoka upande wa stesheni ya zamani. Alitua pembeni, akala taratibu, hana wa kugombana naye. Mama alikinga jua kwa kiganja, akamtazama mpaka akamaliza, kisha akamuuliza kwa upole, kama anavyomuuliza jirani aliyepotea siku nyingi:

"Na wewe wamekupunguza?"