Kuku Hawajakula Kusoma

Ti! Hivyo tu, punje moja ya hindi ikianguka ndani ya mkebe mtupu. Leo mchana nimeusikia tena mlio huo hapa Wang'uru. Mama mwenye duka la mchele ninakofanya kazi aliangusha kifungo cha blauzi ndani ya kopo la kupimia, nami nikashtuka na simu mkononi kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.

Niseme ukweli, rafiki yangu, sikuwa nimetulia. Tangu asubuhi nilikuwa najirekodi. Redio ndogo ya huku kwetu inatafuta mtu wa kusoma matangazo, na kila anayeitaka kazi hiyo alitakiwa kutuma sauti yake kabla ya saa kumi leo. Mimi kazi hiyo nimeiota tangu nikiwa mtoto. Tangazo lenyewe ni fupi, tena la mchele! Lakini kila nikikaribia mwisho ulimi unateleza, nafuta, naanza upya. Mpaka mama akachoka.

"Wee msichana, hiyo maneno umerudia mpaka mimi nimeishika kwa kichwa. Nitatuma yangu, wanipee hiyo kazi!"

Tukacheka. Nikafuta tena.

Ugonjwa huu wa kurudi mwanzo niliupata Endarasha, nilikolelewa na shosho, mama yake mama yangu. Wewe unatujua sisi watu wa mlimani. Katika lugha ya nyumbani L haipo, kwa hiyo kwenye Kiswahili L zetu zote zinageuka R. Na ukijitahidi sana kuzinyoosha hizo L, basi na R nazo zinakuharibikia.

Kitabu chetu cha kusoma kilikuwa na hadithi iliyoanza hivi: Lori lililala barabarani. Siku ya kwanza nilisimama nikasoma, "Rori ririrara barabarani." Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akasema, "Rudi mwanzo!" Nikakaza ulimi: "Lori lililala balabalani." Wakacheka mpaka wengine wakashika matumbo. "Mwanzo!" Muhula mzima nilisimama mbele ya lori lile lile, na njiani watoto wakawa wananiita Rori. "Rori, umerara wapi leo?" Nilikuwa nacheka nao. Nikifika kwenye shamba la kabichi nalia kidogo, napangusa macho na mkono wa sweta, naenda nyumbani.

Jikoni kwa shosho kulikuwa na moshi wa kuumiza macho, githeri ya mahindi na maharagwe ikitokota polepole, na kwa nje baridi ile ya kwetu Kieni inayong'ata masikio. Kazi yetu ya jioni ilikuwa kupukuchua mahindi. Shosho hakuwahi kuingia darasani, lakini aliponiona na kitabu akasema, "Nisomee, na mimi nisikie." Nikasoma. Nilipokosea nikarudi mwanzo, nikakosea, nikarudi.

"Kwani hiyo lori haina dereva?" akauliza. "Endelea mbele."

"Shosho, nimekosea."

"Mbuzi akijikwaa tukienda mtoni, tunamrudisha boma? Si tunaenda tu? Endelea!"

Nikaendelea. Nilipomaliza mstari, akachukua punje moja kwenye uteo akaitupa ndani ya mkebe wa mafuta yaliyokuwa yameisha. Ti! Mstari mwingine, ti! Nikaupenda mlio ule kuliko peremende. Jioni baada ya jioni tukasonga, mpaka tukagundua kwa nini lori lililala barabarani: nyuma kulikuwa na ng'ombe, na alikuwa anazaa. Dereva alikuwa amesimama ili amsaidie.

Shosho alipiga makofi. "Ai! Na wewe ulitaka tuache ng'ombe anazaa hapo, ati turudi mwanzo!"

Mkebe ulipokaribia kujaa, nikamuuliza kwa maringo, "Kwa hivyo hizi zote ni pahali nilisoma vizuri?"

Akaniangalia akishangaa. "Mimi nitajua aje, mami? Kulala, kurara, kwangu ni moja. Niliweka kwa sababu ulifika mwisho."

Nilikasirika, wewe! Nikaona nimedanganywa, kwamba nilikuwa nahesabu makosa yangu nikidhani ni ushindi. Nikatoka na mkebe nikaumwaga wote uani. Kuku wakaja mbio, hata wa jirani. Nilisimama hapo mpaka punje ya mwisho ikaisha, nikaanza kujuta na sikujua nitaingiaje ndani.

Shosho hakugomba. Aliupokea mkebe, akaupangusa kwa leso yake, akauweka pale pale karibu na moto. "Kuku wamekula mahindi," akasema. "Kusoma hawajakula. Leta kitabu."

Siku hizi jiko lile halipo. Shosho alipotuacha lilibomolewa, na mahali pa mafiga pameota viazi. Mkebe sijui uliishia wapi. Nikienda huko najikuta nasikiliza, lakini ni upepo tu na mbwa wa jirani. Ningependa kumwambia kwamba nilichelewa kumwelewa. Nilitaka mtu wa kunihakikishia kwamba sina kosa, na yeye alikuwa ananiangalia nikitembea.

Saa tisa na nusu mama alienda kula, akaniachia duka. Kabla ya kujirekodi tena, nilitafuta kwenye simu sauti niliyojirekodi mwaka jana nikisoma tangazo kama hili, nikaogopa kuituma redioni. Nikasikiliza. Mchere, mchere, harafu mchere tena! Nikajicheka peke yangu katikati ya magunia. Kisha nikasikiliza ya leo, ambayo bado sikuwa nimeifuta. Mchele, laini, hulali njaa... safi kabisa, mpaka neno la mwisho kabisa, "karibuni dukani mjionee mchere." Moja tu. Kidole kilikwenda chenyewe kwenye kufuta.

Nikakitoa. Nikatuma.

Sikuweza kukaa. Nikatafuta chini ya kaunta, nikapata mkebe mtupu, nikaupuliza vumbi. Nikachukua punje moja ya mchele, nikaiachilia ndani. Mchele ni mwepesi, hauna sauti ya mahindi. Ilibidi niinamishe sikio.