Mbuzi wa Kutangulia

Mtu ambaye hajawahi kupeleka mbuzi sokoni hudhani ni kazi ya fimbo tu. Ng'ombe ukimchapa anaenda. Mbuzi ukimchapa anakimbilia kichakani, na mwenzake anakimbilia kichaka kingine, nawe unabaki katikati ya barabara na fimbo yako mkononi. Kila kundi lina mmoja anayetangulia. Huyo ukimfunga kamba na kumvuta, wengine wanafuata wenyewe bila ugomvi, hata ikiwa ni safari ya kutoka Saboti hadi Kitale. Wetu alikuwa jike mwekundu mwenye sikio lililochanika, na maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakimlea mtoto wangu.

Nilikuwa nimezaa kifungua mimba, msichana, katika shamba la mzungu huko Saboti, ambako mume wangu na wazazi wake walikuwa maskwota, watu walioruhusiwa kujenga humo kwa malipo ya kazi. Ilikuwa miaka ya baada ya ile vita kuu ya pili. Hazikupita siku nyingi matiti yakavimba, yakawa ya moto, moja likatumbuka usaha. Nililala na homa nikisikia mtoto analia na sina la kumpa. Nilipopona, maziwa yalikuwa yamekauka yote.

Mama mkwe ndiye aliyefikiria mbuzi. Ng'ombe hatukuruhusiwa kuwa nao, lakini mbuzi wachache walivumiliwa, na yule mwekundu alikuwa amezaa karibuni. Mama alimkama, akachemsha maziwa, akayapunguza nguvu kwa maji, akamdondoshea mtoto mdomoni kidogo kidogo kwa kijiko. Mtoto akanywa. Akalala. Tangu siku ile akaanza kujaza mashavu, nami nikaanza kucheka tena. Nilimpenda yule mbuzi, sioni haya kusema. Nilimkatia majani laini kwa mkono wangu na kumpa chumvi nikiiiba kwenye chungu cha mama mkwe, ambaye alijua na kuniachia.

Halafu ikaja amri. Mzungu alipita juu ya farasi wake, akaona mbuzi wa maskwota wamesimama pembeni mwa mahindi yake wakiyatazama. Kesho yake nyapara akazunguka nyumba hadi nyumba.

"Bwana anasema mbuzi yenu imezidi," alisema. "Bakisha mbili tatu ya kukula. Ile ingine yote uza kabla mahindi haijatoa kichwa. Mtu akikataa, atoke shamba."

Imezidi! Mpaka leo neno hilo linanichoma. Mzungu alikuwa na shamba ambalo usingemaliza kulizunguka kwa miguu kutwa nzima, na kilichozidi ni mbuzi wa baba mkwe wangu. Mzee mwenyewe hakuona mbuzi hata mmoja wa kuzidi. Wale mabeberu walikuwa mahari ya shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Yule mweupe alikuwa wa mama mkwe, alipewa na kaka yake. Wengine walikuwa wa kuchinja siku mgeni wa heshima akija, na mtu asiye na cha kumchinjia mgeni, kwetu, anatembea akiangalia chini. Lakini tungehamia wapi? Wakakubaliana kuuza, na kwamba yule mwekundu abaki kwa ajili ya mtoto. Hilo lilisemwa wazi, nami nikalisikia kwa masikio yangu.

Asubuhi ya kuondoka, nikamwona baba mkwe akimfunga mwekundu kamba shingoni.

Lazima nieleze jambo. Mke kwetu habishani na baba mkwe wake. Hamshiki mkono, hakai naye kwenye kiti kimoja, hamwangalii usoni. Akiwa na neno, hulipitisha kwa mama mkwe au kwa mumewe. Mume wangu alikuwa ameshaamkia kazini. Basi nikakimbilia jikoni kwa mama nikamwambia, naye akatoka akamuuliza mzee wake mbele ya zizi, mimi nikisikiliza nyuma ya ukuta.

"Huyo si tulisema anabaki?"

"Anabaki," mzee akajibu. "Anaenda kuongoza wengine tu. Jioni narudi naye. Sasa hawa nitavuta mmoja mmoja namna gani?"

Na alikuwa akisema kweli. Alikozaliwa, upande wa Bungoma, ndivyo walivyofanya maisha yao yote. Mbuzi wa kutangulia anaongoza wenzake hadi sokoni, wenzake wanauzwa, yeye anarudi nyumbani na mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya, baba mkwe wangu. Alikuwa mtu wa Bungoma katika nchi ya Kitale, nchi ya wazungu, hilo tu. Mama akaja akaniambia nimfunge mtoto mgongoni niende nao, ili mchana mtoto apate maziwa yake huko huko. Nikaona ni shauri jema. Nikachukua kikombe na kitambaa cha kuchujia, nikawafuata nyuma kwa adabu, mbali kidogo.

Safari yenyewe ilikuwa nzuri, na hilo huniuma zaidi. Umande ulikuwa bado, mlima ulionekana wote bila wingu, na mwekundu alitembea mbele kichwa juu, wenzake nyuma yake kwa mstari. Shemeji yangu, aliyeswaga nyuma yao, alipiga mluzi. Njiani nilimkama kando ya barabara, mtoto akanywa maziwa yakiwa bado na joto lake, akacheua kwenye bega langu. Nilifika Kitale nikiwa na furaha, ni bora niseme hivyo.

Boma la mnada lilikuwa nje ya mji, lenye seng'enge na lango moja. Askari wa mifugo alisimama langoni, kijana wa kwetu aliyevaa kaptula iliyopigwa pasi. Mwekundu akaingia, na wenzake wote wakaingia nyuma yake bila hata mmoja kusitasita, watu wakasifu. Mbuzi wakanunuliwa upesi. Wengi walichukuliwa na mchinjaji wa mjini, mzee Mwislamu mwenye kofia nyeupe, aliyewapapasa mgongo kwa upole na hakuvutana sana juu ya bei. Baba mkwe akashukuru, akashika kamba ya mwekundu, akaelekea langoni.

Askari akanyoosha fimbo yake.

"Wapi na hiyo, mzee?"

"Nyumbani. Huyu hauzwi, ameongoza wengine tu."

"Mzee, hiyo mbuzi si imeingia kwa boma? Ikiingia hairudi shamba. Ni karantini. Ati munataka kupelekea ng'ombe ya wazungu ugonjwa?"

Baba mkwe alicheka, akidhani ni mzaha wa vijana. Akaeleza tena, polepole, kama anayemfundisha mtoto. Askari naye akaeleza tena. Mnyama wa skwota akishavuka lile lango, njia yake ilikuwa moja, mjini kwenye machinjio. Mzee akithubutu kumrudisha, mbuzi atapigwa risasi na yeye atafungwa. Ndipo nikaona uso wa mzee ukibadilika. Akavua kofia yake. Sikuwahi kumwona akiivua mbele ya mtu mweusi.

"Mwanangu," alimwambia yule kijana, "mtoto anakunywa hii. Mtoto wa huyu. Hana maziwa ingine."

Askari akanitazama mimi, na mtoto mgongoni. Nadhani aliona huruma. Lakini ndani, chini ya mti, mzungu wa mifugo alikuwa ameketi kwenye meza yake, na huruma ya askari haikuweza kupita pale. "Sheria si yangu, baba," alisema. "Hata mimi nitafukuzwa."

Hapo nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikamsemesha baba mkwe mwenyewe, mbele za watu, nikimwangalia usoni. Nilimwambia, "Nilisema asije. Nilisema!" Alisimama akiitazama kamba mkononi mwake.

Mchinjaji alikuwa amesikia yote. Akasema atamnunua, na kwamba kwa kuwa yuko kwenye maziwa hatamchinja, atamfuga uani kwake. Labda alifanya hivyo. Askari akaniruhusu nimkame kwa mara ya mwisho. Nilichuchumaa pale kwenye mavi na vumbi, nikakama mpaka chuchu zikabaki ngozi tupu, na mbuzi akasimama kimya akicheua. Tulipoondoka alitufuata hadi kwenye seng'enge, akaanza kulia. Alilia kwa muda mrefu. Mimi sikugeuka, shemeji yangu ndiye aliyegeuka.

Kwa maziwa yaliyobaki kikombeni mtoto alifika nyumbani. Hatukuwa na mbuzi mwingine mwenye maziwa, na karantini ilikataza kuleta mnyama mpya shambani. Tulijaribu uji mwepesi wa wimbi, akautema. Mume wangu akamwomba nyapara, akapewa maziwa yaliyotolewa siagi, yale waliyowapa nguruwe wa shamba, na tumbo la mtoto likaanza kuharisha. Macho yake yakaingia ndani. Ngozi ya mapaja ikalegea. Mwishowe mume wangu akasema neno ambalo mimi nilikuwa naliogopa, kwamba tumpeleke kwa mama yangu, karibu na Kibabii, huko Bungoma, ambako kulikuwa na ng'ombe wa kukama asubuhi na jioni na hakuna mtu wa kusema wamezidi.

Nyapara alinipa ruhusa ya siku chache. Kupalilia kulikuwa kumeanza, na mkataba wa mume wangu ulihesabu mikono yangu pia. Nisiporudi, sote tungetoka shambani, wazee pamoja. Nilimfikisha akiwa hai. Mama yangu alimpokea, akamvua nguo zote, akamweka tumboni kwake ndani ya shuka, akaniambia, "Wewe rudi kazini kwenu. Huyu hafi." Na hakufa. Nilirudi Saboti na mgongo mwepesi, na wepesi ule ulinifanya nilie njia nzima.

Nilijiambia nitamchukua baada ya mavuno. Baada ya mavuno nilikuwa na mimba. Mwaka uliofuata hatukuwa bado na mnyama wa kukama, nikaona nitamrudisha kwenye njaa. Nilienda kumwona nilipopata ruhusa, na haikupatikana mara nyingi. Kila nilipofika alikuwa amekua, alikuwa akinitazama kwa mbali, na jioni alikimbilia mgongo wa mama yangu.

Nilipokwenda kumchukua kabisa, nilikuwa nimeshazaa wengine, naye alikuwa ameng'oka meno ya mbele. Mama yangu hakunizuia. Alikuwa ameshamfulia gauni lake na kumfungia viazi vya njiani, na alikuwa amemweleza mimi ni nani. Mtoto akaja alipoitwa, akasimama mlangoni akiwa amevaa. Hakulia. Ningependa angelia, ningejua la kufanya. Alisimama tu, mkono mmoja umeshika mwimo wa mlango, akinitazama kama mtu aliyeuzwa.

Kisha nikasikia mdomo wangu ukisema, "Sikuja kukuchukua. Nimekuja kutembea tu."

Mama yangu akainama akajifanya anachochea moto. Mtoto akaachia mwimo, na uso wake ukafunguka wote. Ndipo nikamwona akicheka kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa mchanga, lile pengo la meno likionekana. Alivua gauni la safari, akaenda kucheza.

Asubuhi iliyofuata mama alimwambia anisindikize, kama mgeni anavyosindikizwa. Alinibebea mzigo wangu kichwani, akatembea mbele, akanisimulia habari za ndama wao hadi kwenye kijito. Hapo akasimama, kwa sababu ndipo wageni wanapoachwa. Akanipa mzigo wangu na mkono wa kwaheri, kwa adabu aliyofundishwa vizuri.

"Uende salama," akasema. "Usalimie watoto wako."

Nikamwambia nitawasalimia.