Kiwambo Kikubwa kwa Mashine Ndogo

Umeme ukikatika kisiwani kwetu Amu, vipaza sauti vya misikiti hunyamaza pia. Wengine hulalamika, lakini baba yangu alikuwa akiingoja saa hiyo. Ujanani mwake aliadhini katika msikiti mdogo ulio nyuma ya nyumba yetu, kwa mdomo wake, bila mashine. Mwadhini wa sasa hushika maikrofoni, ila umeme usipokuwepo hupanda juu na kuadhini kama zamani. Baba akisema hiyo ndiyo adhana anayoijua. Tangu alipokuwa mtu wa kitandani, sikumwona akifurahia kitu kama kile.

Tabu ni kwamba mapafu yake yalikuwa yamechoka. Alikaa na mrija puani, uliotoka kwenye mashine ya oksijeni iliyowekwa miguuni pa kitanda, na mashine ile ilitaka umeme. Ukikatika, nilikimbia darini kuwasha jenereta. Jenereta yetu ilikuwa ndogo na kelele zake kubwa mno. Zilishuka kupitia kiwanda, ule uwazi wa katikati ya nyumba, zikagonga kuta na kurudi. Kwa hiyo saa ile ile adhana ya mdomo ilipotoka, baba hakusikia kitu.

"Izime kidogo," aliniomba siku moja. "Nisikie takbira tu."

Sikuizima. Aligeukia ukutani. Umeme ulipokatika tena mimi nilikuwa sokoni, akamwomba mama asiiwashe, na mama hakuweza kumkatalia. Niliporudi midomo ya baba ilikuwa imegeuka zambarau. Alikuwa akitabasamu.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga bomba la maji, hurudi kulitazama, kisha hurudi tena kuhakikisha kwamba nilipolitazama sikulifungua. Ufundi nimejifunza mwenyewe, kwa simu na kwa kuharibu vitu, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniambia "hapo sawa", siamini kazi yangu mpaka ifanane kabisa na picha. Basi nilitaka sailensa mpya ya bomba la moshi la jenereta, ya saizi yake hasa. Nilizunguka maduka yote ya mji, sikuipata. Jirani akanishauri niijaze ile ya zamani makumbi ya nazi, eti yanameza sauti. Yalimeza moto. Mtaa mzima ulinuka, na watu wakapanda darini kwetu na ndoo za maji wakidhani makuti yanaungua.

Siku chache baadaye, nikiwa bado nina aibu ya kutoka nje, nilikuta video ya mzungu mmoja na bastola. Bastola ilikuwa ya risasi ndogo, na kwenye mdomo wa mtutu alikuwa ameifunga kiwambo cha sauti, kama vile vya kwenye filamu, lakini kiwambo chenyewe kilitengenezewa bunduki ya risasi kubwa zaidi. Nilingoja aone haya. Hakuona. Alieleza kwamba kinyume chake ndicho cha hatari, kiwambo chembamba kwa risasi nene. Hiki kipana kinafaa: tundu lake huvujisha sauti zaidi kidogo, lakini tumbo lake kubwa huipa hewa ya moto nafasi ya kutanuka na kupoa kabla ya kutoka. Akafyatua. Nilisikia chuma kikigonga chuma, basi.

Niliirudia sijui mara ngapi. Sipendi bastola. Kilichonishika ni kwamba kishindo chote kile, kumbe, ni hewa yenye haraka. Ukiipa chumba, inatulia.

Mama alichungulia begani kwangu. "Bastola? Wataka kutuletea askari ndani ya nyumba?"

"Natafuta dawa ya kelele za jenereta, Mama."

"Basi tafuta jenereta, usitafute bastola."

Ng'ambo, kisiwani Manda, palikuwa na boti ya mizigo iliyokwisha kazi, na sailensa yake, nene kama paja, ilikuwa imetupwa mchangani. Nilipomwuliza mwenyewe, hata hakuinua kichwa. "Itukue," alisema. "Yanizuwia ndia." Nikaibeba, njia yake ikawa wazi.

Fundi wa kuchomelea, kijana wa bara, aliicheka sana. "Hii ni ya injini kubwa. Ni kama kuvalisha paka viatu vya punda."

"Wewe iunganishe tu."

"Na paka akianguka?"

Alitengeneza kipande cha bomba, chembamba upande wa jenereta na kipana upande wa sailensa. Kiungo cha kwanza nilimfanya akikate, kwa sababu kilikuwa kimeinama kidogo. Cha pili pia kiliinama, lakini alikuwa ameshaanza kunitazama kwa macho mengine, nikanyamaza. Chuma kile kilikuwa kizito mno kwa jenereta kukibeba, nikakilaza juu ya matofali mahali pa wazi darini, mdomo wake ukitazama nje, mbali na makuti na madirisha. Mama alisema tumetoka kwenye bastola, sasa tuna mzinga.

Umeme ulikatika kabla ya alasiri. Niliwasha jenereta, nikatazama kile kiungo kilichoinama, nikashuka. Katikati ya ngazi nikasimama. Sikusikia kitu. Imezimika, nikajiambia, nilijua, ni kile kiungo, na badala ya kukimbilia juu nikakimbilia kwa baba, nikamtazama midomo kwanza.

Ilikuwa na rangi yake. Miguuni pa kitanda mashine ya oksijeni ilikuwa ikitoa vipovu, taa yake ya kijani inawaka.

"Una nini?" baba aliuliza.

Nilipanda tena nikaweka kiganja juu ya jenereta. Ilikuwa ikitetemeka, inafanya kazi yake yote, na hapo karibu ilinong'ona na kugongagonga kama cherehani. Hatua chache tu kwenye ngazi, kuta zilikuwa zimekwisha kuimeza. Nilisimama pale kiganja kikiungua. Kelele ile yote nilikuwa nimeijua kama sehemu ya mashine yenyewe.

Kisha mwadhini akaanza. Sauti ya mtu mmoja, bila umeme, ikipita juu ya mapaa. Niliposhuka baba alikuwa amefumba macho, anamwitikia neno kwa neno, na mrija puani. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amemshika mguu.

Adhana ilipokwisha, baba akafumbua macho.

"Hayya alal-falah ya pili ameikata mapema," alisema. "Mwambieni aivute."

Nilipanda tena darini kutazama kiungo.