Nilivyomshukuru Baali Kanisani

Tangu Jumapili iliyopita natembea Nyakahura nikiangalia chini kwa aibu.

Kwenye semina ya akina mama, mwalimu alitueleza kwamba Baali, yule mungu wa uongo kwenye Biblia, ni neno la Kiebrania lenye maana nyingi: bwana, mwenye mali, hata mume. Ipo mpaka miji ya kale iliyoitwa hivyo. Mimi nikaondoka na hiyo ya mume tu.

Jumapili ilikuwa shukrani ya ndoa yetu. Mume wangu, mzee wa kanisa, alikaa mbele na suti yake. Nikashika kipaza sauti, nikitaka nionekane msomi.

“Namshukuru Baali wangu! Yeye ndiye anayenilisha na kunivika!”

Sikusikia hata amina moja. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Keza, akashika kichwa. “Mana yanje!” Yaani, Mungu wangu! Mchungaji akaja mbio, akanibana kichwa kwa mikono miwili, akaanza kumkemea shetani.

“Ni Kiebrania!” nikalia. “Baali ni yule pale, mume wangu!”

Kanisa zima likamgeukia. Akasimama taratibu, jasho likimtoka.

“Wapendwa,” akasema, “mimi naitwa Zakaria tu.”