Nilikwenda Shimba Hills kumlinda binti yangu, yeye ndiye aliyeniokoa

Wakuu, salaam aleikum, na kwa wengine hamjambo. Haya yamenipata mimi mwenyewe, wallahi sitii chumvi. Mwenye shaka aje kwangu Shika Adabu, Likoni, chai ipo.

Mimi n'na mtoto mmoja, Siti, yuko gredi ya nane. Mamake alifariki Siti akiwa na miaka mitano. Tangu hapo nimemlea kama yai. Kila trip ya shule jibu langu lilikuwa moja: haendi.

Mwaka jana darasa lao likapanga kwenda Shimba Hills, hifadhi ya wanyama kule Kwale, washuke msituni hadi kwenye maporomoko, wasome mimea na kupima kasi ya maji. Nikakataa. Kuna ndovu, kuna nyoka, kuna mto!

Jumamosi moja Mwalimu Nafula, mwalimu wao wa sayansi, akaja nyumbani. Ni mtu wa Bungoma, mpole. Hakubishana nami. Alisema tu, "Baba Siti, tunahitaji mzazi mmoja wa kutusaidia na watoto. Njoo wewe."

Nikanaswa hapo hapo.

Sasa, mimi ni mgonjwa wa sukari, najidunga insulini kila asubuhi. Siku ya safari nilishughulika na begi la Siti: sweta, maji, dawa ya kichwa, viatu vya akiba. Nikajidunga kama kawaida, kisha basi likapiga honi. Mahamri na mbaazi zangu zikabaki mezani.

Kushuka kulikuwa raha. (Nakiri, nilimshika Siti mkono mpaka wenziwe wakacheka.)

Kule chini nilimwona mtoto nisiyemjua. Siti ameshika saa, anaamuru wenzake: "Tupa kizibo majini! Andika sekunde!" Nyumbani huyu huniomba ruhusa hata ya kwenda dukani.

Tukaanza kupanda. Mlima ule si mchezo, wakuu.

Nusu ya njia jasho likanitoka, baridi. Hatua zikawa nzito. Nikadhani ni uchovu, nikaona haya kusema mbele ya watoto.

Siti akageuka. "Baba, asubuhi ulikula?"

Yeye anasema nilimjibu kwamba feri imechelewa, nasi tuko mlimani. Mimi sikumbuki.

Nakumbuka sauti yake tu: "Mwalimu! Baba sukari imeshuka!"

Akanikalisha chini, akachukua soda ya mwenzake, akanitilia mdomoni. "Kunywa Baba, kidogo kidogo." Nikausukuma mkono wake. Akanikaripia, mara ya kwanza maishani mwake: "Baba, nimesema kunywa!"

Nikanywa.

Mwalimu Nafula akawasogeza watoto wengine, ranger, askari wa hifadhi aliyekuwa nasi, akaita gari lije juu. Baada ya kama robo saa nikaanza kujua niko wapi. Siti akanipa biskuti, akahesabu mapigo ya mkono wangu huku machozi yanamtiririka.

Kwenye zahanati kule Kwale daktari akaniambia, "Mzee, umewahiwa. Ungezimia njiani, tungekuwa na maneno mengine."

Njiani kurudi nikamuuliza Siti amejulia wapi. Kumbe kabla ya trip Mwalimu Nafula aliwafundisha huduma ya kwanza wiki mbili, na kila mtoto alitakiwa kuuliza nyumbani kwao kuna ugonjwa gani. Siti aliniuliza. Nikamwambia, "Hayo si ya watoto." Basi akaenda kumuuliza nesi ninayechukua dawa kwake.



Jumatatu nikaenda shuleni kumshukuru mwalimu. Nikamshika mkono, nikawa siuachii. Akacheka. "Baba Siti, mimi nilifundisha darasa zima. Yeye alijifunza kwa ajili yako."

Alhamdulillah. Nilidhani kumpenda mtoto ni kumficha. Nilikuwa namfungia mtu ambaye tayari ameshakua, na lau ningeendelea hivyo, siku nikianguka nyumbani angekuwa hajui la kufanya.

Mwenye sukari, usitoke bila kula. Na wazazi wenzangu, waambieni watoto ukweli wa maradhi yenu, muwaache watembee.

Kwa sasa Siti yuko kambi ya siku tatu na wenziwe. Mimi niko hapa peke yangu, nyumba kimya, nimeshakula. Nyinyi mtoto wenu wa kwanza mlimwachiaje? Niandikieni, nawasoma mmoja mmoja.